Je, AWP katika Counter-Strike inahitaji ustadi wa kweli, au tuipige marufuku kwenye mashindano yetu?

Mshale wa Pangani (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limetugawa vibaya katika ukumbi wetu wa gemu hapa Tanga, na ambalo nisipolipatia jibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, huenda mashindano yetu yakavunjika kabla hayajaanza.

Tuna kompyuta kumi zilizounganishwa kwa waya, tunacheza Counter-Strike 2, mchezo wa bunduki ambamo washambuliaji hujaribu kutega bomu eneo A au B na walinzi huwazuia, watano kwa watano, na kila mchezaji analipa ada ya kuingia. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuandika kanuni. Wiki iliyopita tulifanya mechi ya majaribio kwenye ramani ya Dust II, na kijana mmoja kutoka Ngamiani alinunua AWP, ile bunduki ya mdunguaji yenye darubini, kila alipopata pesa za mchezo za kutosha, akasimama upande wa walinzi akiitazama njia ndefu inayokwenda eneo A, akaua watu kumi na tisa katika kipindi cha kwanza peke yake. Nilisimama nyuma ya kiti chake kwa raundi tatu mfululizo. Mkono wake ulioshika kipanya haukusogea zaidi ya upana wa kidole. Alama ya shabaha ilikuwa imetulia pale pale kwenye ukingo wa mlango, na kila mpinzani alipojitokeza, kijana alibofya mara moja tu na mtu akaanguka.

Upande wa pili alikuwepo kaka mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitumia AK-47 na ambaye sote tunamheshimu kwa mkono wake. Aliuawa mara saba kwa namna hiyo hiyo. Kipindi kilipokwisha alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akasema hawezi kulipa ada ili aje kuchezea mchezo ambao mtu anauawa kwa kuguswa kiwiko.

Tangu siku hiyo ukumbi umegawanyika. Wapo wanaotaka AWP ipigwe marufuku kabisa, kama zilivyofanya baadhi ya kumbi za zamani enzi za Counter-Strike 1.6, na wapo wanaosema kwamba kumnyang'anya mtu silaha aliyoinunua kwa pesa halali za mchezo ni dhuluma. Sitaki kuandika kanuni kwa sababu tu mtu fulani amekasirika, wala sitaki kunyamaza kwa sababu tu kijana huyo ni mshindi. Ninachouliza ni hiki: je, AWP inadai ustadi wa kweli kutoka kwa anayeibeba, au inampa mtu mauaji ambayo hakuyafanyia kazi? Na kama jibu ni la pili, je, silaha kama G3SG1, bunduki ya darubini inayofyatua mfululizo, nazo ziingie kwenye marufuku hiyo?

---

Kombo wa Kisauni

Ndugu Mshale, nakuandikia kutoka Mombasa, na nitasema upande wangu bila kuficha, maana mimi ni mtu wa AK na ninamwelewa vyema huyo kaka yenu.

Watu wengi wanaotetea AWP hawajawahi kukaa mbele ya ukuta mtupu na kumwaga risasi thelathini za AK, siku baada ya siku, mpaka mkono ujue wenyewe mahali pa kwenda. Mtutu hupanda juu kwa zile risasi za mwanzo, kisha huyumba upande mmoja na kurudi upande wa pili, na kwa kuwa mwendo huo ni ule ule kila mara, mtu anaweza kujifunza kuuvuta kinyume kwa kipanya. Kujifunza huko kulinichukua miezi, na hata leo nikikaa wiki mbili bila kucheza, mkono huanza kusahau. Tena hayo yote ni kwa ajili ya hali ya dharura tu, kwani lengo lenyewe la mtu wa AK ni kupiga kichwa kwa risasi ya kwanza, na kichwa cha mtu aliye mbali, pale kwenye kioo, ni kitone kidogo kuliko punje ya mchele.

Sasa tuwapime watu wawili wenye makosa yanayolingana. Mimi nikikikosa kichwa kwa upana wa unywele, risasi inampata begani. Mpinzani aliyevaa fulana ya kinga anapoteza robo hivi ya uhai wake na anaendelea kunipiga. Mbeba AWP akikosea kwa kiasi hicho hicho, mpinzani amekufa, kwa sababu AWP inaua kwa risasi moja popote inapompata mtu juu ya miguu, awe amevaa fulana au hakuvaa. Kosa ni moja, lakini mimi ninaadhibiwa na mwenzangu anazawadiwa. Kwa maoni yangu ustadi hupimwa kwa ukubwa wa kosa ambalo silaha inakusamehe, na hakuna bunduki ya kawaida katika mchezo huu inayosamehe shabaha mbovu kama AWP.

Sisemi ifutwe. Ila msimwambie huyo kaka yenu kwamba hisia yake haina msingi.

---

Fundi Kipanya

Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, kwa hiyo nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mbeba AWP, nimeibeba tangu enzi za 1.6 kwenye kumbi za Kariakoo, na moyo wangu uko upande huo. Hata hivyo nimeipenda hoja ya ndugu Kombo na sitaki kuipita kwa haraka. Hesabu yake ya makosa mawili yanayolingana ni sahihi. Kinachonisumbua ni mahali alipoanzia kuhesabu, kwa sababu ameanza pale kidole kinapobofya, ilhali kwa mtu wa AWP kazi kubwa imekwisha kabla ya hapo, na kazi nyingine, iliyo ngumu zaidi, huanza mara tu baada ya hapo.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndiko maamuzi yanakoanzia. Kila mchezaji huanza kipindi na dola 800 za mchezo. AK inauzwa 2,700, na AWP inauzwa 4,750. Ukiongeza fulana na kofia, ambazo kwa pamoja ni 1,000, umekwisha kutumia pesa ambazo zingewavalisha wenzako wawili raundi inayofuata. Mtu wa AK akiua analipwa 300. Mimi nikiua nalipwa 100. Nikifa, bunduki hiyo inabaki chini, na mara nyingi mpinzani anaiokota bila kulipa hata senti, halafu raundi inayofuata tunaikuta imetuelekea sisi. Kwa hiyo kabla sijamwona adui yeyote nimekwisha kufanya uamuzi unaowahusu watu watano, na nikiufanya vibaya timu nzima inaweza kucheza raundi mbili na bastola.

Halafu uje mwendo. Mtu aliyeshika kisu hukimbia kwa kipimo cha 250. Mwenye AWP mkononi huenda kwa 200, na akishafungua darubini hubaki na 100 tu. Kabla ya mwaka 2015 mwendo huo ulikuwa wa kasi zaidi, na wadunguaji wa enzi hizo, Mfaransa kennyS akiwa mstari wa mbele, walikuwa wakijitokeza konani darubini ikiwa wazi kana kwamba wamebeba bastola. Waundaji wa mchezo waliona kwamba hilo limezidi, wakapunguza. Mwaka 2022 wakapunguza tena, safari hii risasi zenyewe, kutoka kumi hadi tano kwa kila magazini. Mnaposema AWP haijadhibitiwa, kumbukeni kwamba imekwisha kukatwa mbawa zaidi ya mara moja, na bado wale wanaoijua wanaruka nayo.

Ngoja niwaoneshe sekunde chache za kazi yenyewe, kwa sababu kutoka nyuma ya kiti, kama alivyosimama ndugu Mshale, hazionekani. Niko kwenye ramani ya Mirage, upande wa walinzi, dirishani, nikitazama katikati. Nimesikia nyayo mbili upande wa kulia, kisha kimya. Kimya hicho kinaniambia kwamba mtu amesimama na anasubiri nichoke. Ninafungua darubini, na hapo hapo napoteza kila kitu kilicho pembeni, sioni tena kushoto wala kulia, naona duara moja tu. Nikiiacha alama ya shabaha ikigusana kabisa na ukuta, mtu akitoka kwa kasi atakuwa amekwisha kuivuka kabla ubongo wangu haujakiambia neno kidole, kwa sababu macho na kidole cha binadamu huhitaji karibu robo ya sekunde. Kwa hiyo naisogeza nje kidogo, kwa kukisia kasi yake. Nikikisia kwamba atakimbia na yeye akatoka kwa kunyata, nitakuwa nimelenga hewa. Anatoka. Nabofya. Nimemkosa.

Hapo ndipo AWP inapodai malipo yake. Bunduki haiwezi kufyatua tena kabla ya sekunde moja na nusu hivi, na katika muda huo mtu wa AK aliye mbele yangu ana uwezo wa kunimwagia zaidi ya risasi kumi. Ndugu Kombo akikosa risasi ya kwanza, ya pili imekwisha kutoka. Mimi nikikosa, nimeshika fimbo. Ni lazima niwe nilijua mapema mahali pa kukimbilia, niwe nimesimama hatua moja tu kutoka ukutani na si mbili, na kidole kiwe tayari kwenye bastola. Yote hayo yanaamuliwa kabla adui hajatokea. Mbeba AWP ambaye anaanza kuyafikiria baada ya kukosa, huyo amekwisha kufa.

Nikirudi kwa kijana wenu wa Ngamiani, maelezo yenu yana jambo moja ambalo naona limepita bila kuangaliwa. Alisimama mahali pale pale kwa raundi tatu mfululizo. Bomu la mwanga, linalompofusha mtu kwa muda mfupi, linauzwa 200 na la moshi 300. Raundi ya kwanza akiua kutoka pale, ni sifa yake. Raundi ya pili, ni bahati mbaya ya wapinzani. Raundi ya tatu, watu watano wanatoka tena kwenye mlango ule ule, mmoja mmoja, bila mwanga wala moshi, wakimpelekea shabaha kana kwamba wanamkabidhi sahani ya chakula. Hapo AWP haijadai ustadi mkubwa kwa sababu wapinzani hawakuidai kitu. Kijana alibaki pale kwa kuwa hakuna aliyejaribu kumwondoa.

Na tukitaka ushahidi wa juu zaidi, tuwatazame walio bora duniani. Katika orodha ya kila mwaka ya HLTV, tovuti inayofuatilia Counter-Strike ya kulipwa, mchezaji bora wa mwaka 2018 alikuwa s1mple wa Ukraine, miaka ya 2019 na 2020 akawa ZywOo wa Ufaransa, 2021 na 2022 akarudi s1mple, na 2023 ZywOo tena. Miaka sita, watu wawili, na wote wawili silaha yao kuu ni AWP. Iwapo bunduki hii ingekuwa inamfanya kila mtu awe sawa, orodha hiyo ingejaa majina mapya kila mwaka, kwa sababu silaha rahisi haibagui wabebaji wake. Mwaka 2024 nafasi hiyo aliichukua donk wa Urusi, ambaye anatumia bunduki za kawaida, kwa hiyo ndugu Kombo naye ana wa kujivunia.

Jambo moja la pembeni, ambalo huwa linanikera kidogo. Watu wakizungumzia AWP hukimbilia risasi mbili za mwaka 2016: ile ya mchezaji coldzera wa Brazil kwenye mashindano ya Columbus, alipofyatua akiwa ameruka hewani kwenye eneo B la Mirage, na ile ya s1mple kwenye mashindano ya Cologne, aliporuka kutoka juu kwenye eneo B la ramani ya Cache akawaua wawili bila kufungua darubini. Zote mbili zilichorwa ukutani ndani ya ramani zenyewe, na ni haki yake, kwa sababu zilikuwa nzuri mno. Lakini bunduki hii ikiwa hewani, au ikifyatuliwa bila darubini, risasi haiendi moja kwa moja unakolenga, na hata wao wenyewe wakipewa nafasi ile ile mara kumi hawatazipata mara kumi. Ustadi wa s1mple hauko kwenye risasi ile moja. Uko kwenye maelfu ya raundi ambazo alikuwa amesimama mahali sahihi na hakuna aliyezichora.

---

Binti Mwinyi

Kaka zangu, nimewasoma wote kwa utulivu. Mimi niko Maskati, na mchezo huu nimeucheza hapa Ghuba na pia nikiwa likizoni kwa bibi Unguja, na tofauti ya sehemu hizo mbili ndiyo inayonifanya nichangie.

Nikiwa hapa, seva iko karibu na mawasiliano ni ya haraka. Nikiwa Unguja nikaunganishwa na seva hiyo hiyo ya mbali, ucheleweshaji unapanda sana, na matokeo yake kwenye AWP ni makubwa kuliko kwenye silaha nyingine yoyote. Anayejitokeza konani huniona kabla mimi sijamwona, kwa sababu taarifa ya kwamba ametokea bado iko njiani kuja kwangu. Mtu wa AK hulipunguza tatizo hilo kwa kusogea na kuchungulia mwenyewe. Mwenye AWP anayelinda njia amesimama, na analipa ucheleweshaji wote. Sasa kaka Mshale amesema kompyuta zao zimeunganishwa kwa waya ndani ya ukumbi mmoja. Hapo ucheleweshaji karibu unatoweka. Wachezaji wenu waliozoea kucheza mtandaoni kwa pingi ya juu, yaani ucheleweshaji mkubwa, wamezoea kumshinda mlinzi wa AWP kwa kujitokeza tu kwa kasi, na wakifika ukumbini wanakuta mbinu hiyo imekufa. Nadhani sehemu ya hasira ya yule kaka wa AK inatoka hapo, na si kosa lake wala la kijana.

Kuhusu swali lenyewe, naona kaka Kombo na kaka Fundi wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika kosa lake. Kuna kosa la kulenga karibu na shabaha, na kuna kosa la kukosa kabisa. AWP inalisamehe la kwanza na inaliadhibu la pili bila huruma. AK ni kinyume chake. Silaha ambayo inapaswa kututia wasiwasi ni ile inayosamehe yote mawili, na hapo ndipo G3SG1 na ndugu yake SCAR-20 wanapoingia. Zina darubini, zina risasi ishirini, na ukikosa unaendelea kubofya tu. Kinga pekee iliyopo ni bei, 5,000, na pale timu moja inapokuwa imekwisha kujaza pesa, bei hiyo haizuii kitu.

Waundaji wenyewe wametuachia alama ya wanavyolifikiria jambo hili. Tazameni malipo ya kuua. Shotgani nyingi hulipa 900 kwa kila mtu, kwa sababu ni lazima umfuate adui mpaka umguse. Bunduki ndogo za mfululizo kama MP9 na MAC-10 hulipa 600. Bunduki za kawaida 300. AWP 100. Anayepanga malipo kwa mtindo huo anakuambia kwamba anajua AWP inaua kwa urahisi zaidi ikiwa mahali pake, na ameamua kuitoza kwa njia nyingine badala ya kuiondoa.

Tena, pale silaha ilipozidi kweli, waliigusa. Desemba 2015 bastola mpya ya R8 iliingia ikiwa inaua kwa risasi moja ya mwilini, kwa bei ya bastola, na zilipita siku chache tu wakaishusha nguvu. Mwaka 2018 waliipunguzia bei bunduki ya SG 553, yenye darubini yake ndogo, na kufikia 2019 wachezaji wa kulipwa wengi walikuwa wameiacha AK waliyoizoea tangu utotoni na kuhamia huko, kwa sababu ilikuwa inawapa usahihi bila kuwadai kitu cha ziada. Bei ikapandishwa tena, na 2020 usahihi wake ukapunguzwa, nayo ikarudi kabatini. Silaha isiyodai ustadi huonekana hivyo: watu wote wanaihamia kwa pamoja. AWP imekuwepo miaka yote hii na bado timu nyingi kubwa humpa mtu mmoja tu kuibeba, mara mojamoja wawili. Kama ingekuwa ya bure, wangeibeba wote watano.

Kwa wanaocheza kwenye simu, msiihamishe hoja hii moja kwa moja. Katika PUBG Mobile risasi husafiri na kushuka njiani, na ni lazima ulenge mbele ya mtu anayekimbia. AWM, bunduki ya huko inayofanana na AWP, huipati mpaka sanduku lidondoke kutoka kwenye ndege. Counter-Strike risasi hufika papo hapo. Ni ustadi wa aina nyingine.

---

Kombo wa Kisauni

Dada Binti Mwinyi, nimekubali kuhusu makosa mawili, na kaka Fundi ameniwekea picha ya ile sekunde moja na nusu ambayo sikuwahi kuitazama kutoka upande wake. Nabaki na jambo moja ambalo naomba lisipotee.

Mmejibu kwa mifano ya s1mple na ZywOo. Mashindano ya ndugu Mshale hayana s1mple. Yana vijana wa mtaani ambao wengi wao hawajui kurusha bomu la mwanga bila kujipofusha wenyewe. Katika kiwango cha juu AWP inadaiwa sana kwa sababu wapinzani wanajua kuidai. Katika kiwango cha chini hakuna anayeidai, nayo inatoa zaidi ya inavyopokea. AK haiko hivyo. Inamdai anayeanza na inamdai bingwa. Kwa hiyo kanuni ya ukumbi itazame watu waliopo ukumbini. Ushauri wangu ni AWP moja kwa kila timu kwa wakati mmoja, bila kuhesabu iliyookotwa kutoka kwa maiti ya mpinzani, kwa sababu hiyo mtu ameipigania.

---

Fundi Kipanya

Hapo kwenye watu waliopo ukumbini, ndugu Kombo, sina la kupinga, na AWP moja kwa timu naiunga mkono. Naongeza tu kwamba kabla ya kuandika kanuni, ndugu Mshale, warudishe vijana wale wale kwenye njia ile ile, uwafundishe jambo moja dogo. Mmoja abaki nyuma ya milango ya njia ndefu, arushe bomu la mwanga lipite juu na kulipukia upande wa mlinzi, na wawili watoke kwa pamoja mara tu linapolipuka, wasisubiri hata nukta. Kisha mpe yule kaka wa AK hiyo AWP kwa kipindi kizima. Utapata jibu ambalo sisi hatuwezi kukuandikia hapa.

---

Mshale wa Pangani (mwanzisha mada)

Wakuu, nawashukuru sana, na samahani kwa kukaa kimya siku tatu. Nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Alhamisi usiku tulifanya kama kaka Fundi alivyoshauri. Nilikaa na timu ya pili kwa nusu saa, tukarudia ule mrusho mmoja tu mpaka mrushaji akauweza, kisha tukawaita timu ya Ngamiani. Raundi ya kwanza nilisimama tena nyuma ya kiti cha yule kijana. Bomu lilipita juu ya milango, kioo chake kikawa cheupe kote, akabofya ovyo, na kabla rangi hazijarudi alikuwa amelala. Raundi ya pili ikawa vivyo hivyo. Raundi ya tatu nilimwona akifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya wiki iliyopita: alisikia mlio wa bomu likigonga ukuta, akageuza uso mbali nalo, akasubiri lilipuke, akarudi na kumpata wa kwanza, kisha badala ya kubaki pale akashuka shimoni, akahesabu kimoyomoyo, midomo yake niliiona ikitembea, akainuka akampata wa pili. Mkono wake safari hii ulikuwa unafanya kazi. Nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba hilo la kugeuka analijua siku nyingi, ila hakuna aliyekuwa amemlazimisha.

Kaka wa AK alibeba AWP kwa kipindi kizima cha pili. Aliua wanne. Mara tatu alikosa risasi ya kwanza na akaendelea kusimama akisubiri ya pili, kwa sababu mkono wake umezoea kwamba risasi ya pili ipo. Mara mbili bunduki yake iliokotwa na ikatumika dhidi ya timu yake, na mara ya pili wenzake walikosa pesa za kununua hata fulana. Alipomaliza hakusema neno, alikaa akitazama jedwali la matokeo kwa muda, kisha akamwita yule kijana aje amwoneshe jinsi anavyosimama karibu na ukuta. Walikaa wawili kwenye kompyuta moja mpaka mwenye ukumbi alipozima taa.

Kanuni nimeziandika hivi: AWP moja kwa kila timu kwa wakati mmoja, na iliyookotwa kwa mpinzani haihesabiwi, kama alivyoshauri ndugu Kombo. G3SG1 na SCAR-20 haziruhusiwi kabisa, kwa ile hoja ya dada Binti Mwinyi, ambayo niliisoma kwa sauti mbele ya timu zote na hakuna aliyeipinga. Ijumaa jioni ukumbi utakuwa wazi kwa saa mbili bila malipo, kwa ajili ya mazoezi ya mabomu ya mwanga na moshi tu, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba hakufundishwa.

Kaka wa AK amelipa ada yake leo mchana. Ameniomba nimwekee nafasi Ijumaa tangu saa kumi, na anataka kompyuta iliyo jirani na ya kijana wa Ngamiani.